UZI: Lozère, mkoa wa Ufaransa ambao kila kitu kinatoka

Mzee wa Ramani
Wakuu, heshima yenu.

Kila tukiitaja Ufaransa humu tunaishia Paris, Marseille na mpira. Leo tupande milimani hadi Lozère, mkoa wa kusini ambao Wafaransa wengi wanaujua kwa jina tu. Ndio wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya Ufaransa bara: hawafiki 77,000 kwenye kilomita za mraba 5,167. Wakusanye wote uwanja wa Stade de France, viti vitabaki.

Mimi niko Montpellier, nasambaza vipuri vya mashine za kukamulia maziwa, kwa hiyo huko juu napanda mara kwa mara. Hoja yangu ni moja, mnibishie mkitaka: Lozère ni mkoa uliotengenezwa na vitu vinavyoondoka.

Tuanze na maji. Wenyeji hujisifu kwamba hakuna mto unaoingia kwao, yote inazaliwa hapo na kwenda zake. Mto Lot, mto Tarn na mto Truyère inashuka magharibi kuelekea Garonne na kumwaga Atlantiki chini ya Bordeaux. Allier unakwenda kaskazini kukutana na Loire. Chassezac na mito ya Gardon inateremka mashariki hadi Rhône, kisha Mediterania. Kwa hiyo mvua ikinyesha kwenye mgongo mmoja wa mlima, tone moja linaenda bahari hii na jirani yake bahari nyingine.

Ardhi yenyewe ni vipande vinne ambavyo havifanani hata kidogo. Kaskazini-magharibi ni Aubrac, uwanda wa volkano za kale: majani matupu, ng'ombe, upepo. Kaskazini-mashariki ni Margeride, graniti na misitu. Kusini-magharibi ni nyanda za mawe ya chokaa ziitwazo Causses, zilizokatwa na makorongo ya Tarn na Jonte. Kusini-mashariki ni Cévennes, matuta makali ya mawe yanayopasuka bapa bapa, ndiyo wanayoezekea nyumba. Katikati umekaa mlima Lozère, kilele chake Finiels mita 1,699. Huo mlima ndio ulioupa mkoa jina mwaka 1790, Mapinduzi yalipofuta majimbo ya kale. Kabla ya hapo paliitwa Gévaudan, kutokana na Wagabali, kabila lililokuwepo kabla ya Warumi.

Historia inakuja, ngoja nipakue gari.

Mla Ndizi
Nimevuta kiti mkuu. Ila swali: kama mito yote inaanzia hapo, maana yake mvua ipo. Mbona watu hawapo? Kwetu Rungwe penye mvua ndipo tunapobanana.

Mzee wa Ramani
Mvua ipo, lakini haikai. Chukua Causse Méjean, uwanda ulioinuka hadi zaidi ya mita 1,000. Mawe ya chokaa yanakunywa maji yote, juu hakuna kijito. Mvua inapotelea kwenye mashimo na kutokea chini kabisa korongoni kama chemchemi. Wachungaji walilazimika kusakafia mabwawa madogo ya duara kwa mawe ili kondoo wapate kunywa. Miti nayo hakuna, kwa hiyo nyumba za zamani hazina hata boriti: dari ni tao la mawe, paa ni mawe. Ukiingia zizi la kondoo la aina hiyo unadhani umeingia kanisani.

Na hayo maji yaliyopotelea chini yamechimba mapango. Mwaka 1897 Louis Armand, mhunzi wa kijiji cha Le Rozier, alishuka kwa kamba kwenye shimo moja akifanya kazi na mtafiti Édouard-Alfred Martel. Akakuta ukumbi wenye nguzo za mawe zipatazo 400, moja ndefu kama mita 30. Leo watalii wanalipa kiingilio, na shimo lina jina la mhunzi.

Upande wa Cévennes tatizo ni lingine. Mteremko ni mkali, na vuli mawingu ya Mediterania yakigonga milima hushusha mvua ya miezi kwa siku moja. Wakulima walijenga ngazi za mawe mlima mzima ili udongo usiondoke, na ukiondoka waliurudisha juu kwa vikapu mgongoni. Chakula chao hakikuwa ngano. Kilikuwa kokwa za mti wa châtaignier: wanaziokota Oktoba, wanazikausha kwa moshi kwenye kijumba cha mawe wiki kadhaa, halafu supu na unga wa mwaka mzima. Fedha ilitoka kwenye hariri, viwavi wanaolishwa majani ya mforosadi ndani ya nyumba. Miaka ya 1850 ugonjwa ukawamaliza viwavi, na mwanasayansi Pasteur mwenyewe akaja kuuchunguza huko chini Alès. Miti ya châtaignier nayo ikapata ugonjwa wa mizizi. Reli ikaleta ngano na mvinyo wa bei rahisi, na hapo watu wakaanza kuteremka.

Mwaka 1851 mkoa ulikuwa na watu karibu 145,000. Mwaka 1990 walikuwa chini ya 73,000. Vita Kuu ya kwanza nayo ilichukua vijana wake, kila kijiji kina jiwe lenye majina, na mara nyingine majina ni mengi kuliko nyumba zenye moshi leo.

Binti Kitulo
Mzee wa Ramani, shikamoo, lakini hapo sikubaliani. Watu hawahami kwa sababu ya mawe. Mawe yalikuwepo tangu Wagabali wako na watu waliishi. Tuambie nani alitawala, nani alikusanya kodi, nani alichoma nyumba za nani. Jiografia bila wenye nguvu ni picha ya kalenda.

Mzee wa Ramani
Marahaba. Swali zuri, twende.

Mwenye nguvu alikuwa askofu wa Mende, mji mkuu wa mkoa. Mwaka 1161 mfalme Louis wa Saba alimpa askofu mamlaka juu ya Gévaudan nzima. Mwaka 1307 mfalme Philippe na askofu wakakubaliana kugawana utawala, na mkataba ule ukadumu hadi Mapinduzi. Kwa hiyo askofu alishika pia kodi, mahakama na sarafu. Mtoto wa huko aliyefika mbali kuliko wote ni Guillaume de Grimoard, aliyezaliwa ngome ya Grizac na kuwa Papa Urbano wa Tano, akikaa Avignon kwa muda mwingi, 1362 hadi 1370. Yeye ndiye aliyeagiza kanisa kuu la Mende lijengwe.

Ukifika hapo Mende usiangalie minara tu. Ndani kuna chuma kirefu, zaidi ya mita 2, kimesimamishwa kama mtu aliyesahauliwa. Ni ulimi wa kengele. Kengele yenyewe iliitwa Isiyo na Mfano, ikisemekana ilikuwa na uzito wa tani 20. Usiku wa Krismasi 1579 kapteni Mprotestanti, Mathieu Merle, aliuteka mji watu wakiwa kwenye misa. Kanisa likabomolewa, kengele ikayeyushwa kuwa mizinga. Ulimi ndio uliobaki.

Kasuku wa Gitega
Naongezea hapo, maana sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulikutana na sura hii shuleni, japo kwa aya moja tu.

Mwaka 1685 Louis wa Kumi na Nne alifuta amri iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu. Wengi wa Cévennes walikuwa Waprotestanti. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa nchini, na askari wakapangiwa kulala majumbani mwao hadi wakubali kubadili dini. Watu wakawa wanasali usiku maporini. Padri mkuu aitwaye du Chaila alikuwa msimamizi wa kuwarudisha kundini, na aliwafunga watu nyumbani kwake Pont-de-Montvert. Usiku wa tarehe 24 Julai 1702 kikundi kikashuka mlimani kikiimba zaburi, kikawatoa wafungwa, kikamuua.

Ndivyo vita vya Wacamisard, waasi hao wa Kiprotestanti, vilivyoanza. Wapiganaji walikuwa wachunga kondoo, wasokota sufu, wahunzi. Mmoja wa viongozi, Jean Cavalier, alikuwa mwanafunzi wa kuoka mikate, na aliwasumbua majenerali wa mfalme. Jibu la serikali lilikuwa kuchoma: vuli ya 1703 iliamriwa vijiji na vitongoji 466 viteketezwe. Dada Binti Kitulo, hapo una jibu la nani alichoma nyumba za nani.

Cavalier alijisalimisha 1704 na mwisho wake ulikuwa wa ajabu: alikufa akiwa jenerali wa Uingereza.

Alama iliyobaki ni makaburi. Waprotestanti hawakuruhusiwa kuzikwa makaburi ya Wakatoliki, basi walizika nyumbani, pembeni ya shamba. Mpaka leo ukipita bonde la Cévennes utaona miti myembamba ya saipresi miwili mitatu karibu na nyumba, chini yake ni babu na bibi.

Binti Kitulo
Sasa tunaongea. Asante Kasuku.

Fundi Saa
Jamani posti zote hizo na hakuna aliyemtaja MNYAMA? Mnyama wa Gévaudan! Mimi niliingia uzi huu kwa ajili yake.

Mzee wa Ramani
Nilijua utakuja.

Ni 1764 hadi 1767. Wa kwanza kwenye rejista ya waliouawa naye ni Jeanne Boulet, msichana wa miaka 14 aliyeuawa akichunga, tarehe 30 Juni 1764. Baada yake kama watu 100, karibu wote watoto na wanawake. Sababu si siri: huko watoto ndio waliokuwa wakichunga, peke yao, na fimbo yenye kisu kilichofungwa nchani. Januari 1765 kijana Jacques Portefaix na wenzake sita walisimama kwa duara wakamchoma yule mnyama hadi akakimbia. Mfalme akawapa fedha na kumsomesha Portefaix.

Serikali ilituma askari wa farasi, ikashindwa. Ikatuma wawindaji mbwa mwitu kutoka Normandy, wakashindwa. Mfalme akamtuma mbeba bunduki wake, François Antoine, ambaye Septemba 1765 aliua mbwa mwitu mkubwa, akakaushwa na kupelekwa Versailles, pongezi zikatolewa. Miezi michache baadaye vifo vikaanza tena, na safari hii hakuna aliyetumwa. Aliyemmaliza ni mwenyeji, Jean Chastel, tarehe 19 Juni 1767.

Halafu jambo la mipaka: mwaka 1790 eneo la Saugues lilikatwa kutoka Gévaudan likapewa mkoa jirani wa Haute-Loire. Ndiyo maana leo sehemu aliyouawa Mnyama haiko Lozère, na mikoa miwili inagombania watalii wa mnyama mmoja.

Fundi Saa
Wengine wanasema alikuwa fisi. Mimi naamini fisi. Fisi wa kwetu anaweza.

Mla Ndizi
Fisi afike Ufaransa kwa basi gani?

Mzee wa Ramani
Habari ya fisi ilisemwa tangu enzi zile, eti ametoroka kwa tajiri anayefuga wanyama. Lakini daktari wa Antoine na wale waliompasua yule wa Chastel waliandika meno na vipimo vinavyoangukia kwenye jamii ya mbwa. Wanahistoria wengi wanasema mbwa mwitu, pengine zaidi ya mmoja, pengine chotara wa mbwa. Kilichofanya awe maarufu ni magazeti. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimeisha 1763, wahariri hawana habari, wakapata mnyama. Mbwa mwitu kula watoto wa wachungaji halikuwa jambo geni Ufaransa ya wakati huo, ila hawa waliandikwa.

Dokta Mstaafu
Nimesoma tangu juu. Nilifanya kazi ya afya ya akili maisha yangu yote, na kwetu sisi Lozère ina maana moja: Saint-Alban.

Ni kijiji cha Margeride chenye ngome, na ngome hiyo iligeuzwa nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1821. Mwaka 1940 alifika hapo François Tosquelles, daktari Mkatalani aliyekimbia Hispania baada ya Franco kushinda. Kumbukeni vita ilikuwa imeanza, chakula ni kwa kadi, na wagonjwa wa akili wa Ufaransa walipewa mgao usiomtosha mtu kuishi. Zaidi ya 40,000 walikufa hospitalini kwa njaa na baridi. Saint-Alban waliwaruhusu wagonjwa watoke wakafanye kazi kwa wakulima, wasokote sufu, wabadilishane na viazi. Watawa, wauguzi na madaktari wote waliingia shambani. Wakati huohuo nyumba ile ilificha wapiganaji wa msituni na washairi.

Baada ya vita wakaendelea: ukuta ukavunjwa, wagonjwa wakawa na chama chao, gazeti lao, duka lao. Tosquelles alisema wazi kwamba hospitali yenyewe inaumwa na lazima itibiwe kwanza. Mwaka 1952 akapokea daktari kijana kutoka Martinique, Frantz Fanon. Akakaa zaidi ya mwaka, akajifunza, na mwishoni mwa 1953 akaenda Blida, Algeria. Alichojaribu kule Blida, mikutano ya wagonjwa, gazeti la wodi, mkahawa, kilianzia kwenye kijiji hiki cha theluji. Wengi wetu Afrika tunamjua Fanon wa mapinduzi. Fanon wa kuzungusha koti la daktari Margeride hatumjui.

Na jambo jingine lisilopendeza. Nje kidogo ya Mende, Rieucros, serikali ya Ufaransa ilifungua kambi Januari 1939, kabla ya Wajerumani kuingia, kwa ajili ya wageni "wasiotakiwa". Baadaye ikawa ya wanawake: Wahispania, Wajerumani waliomkimbia Hitler, Wapolandi. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa kiume aliyetembea kwenda shule ya Mende akitokea kambini. Mtoto huyo ni Alexander Grothendieck, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne. Wanawake wale walihamishiwa Brens, mkoa wa Tarn, Februari 1942.

Binti Kitulo
Mzee wa Ramani, umeona? Umesema kila kitu kinatoka. Dokta anakuonyesha kinachoingia: wale ambao Paris haitaki kuwaona. Wagonjwa, wakimbizi, wafungwa. Mkoa mtupu unageuzwa stoo.

Mzee wa Ramani
Binti Kitulo, hapo umeninyang'anya uzi, chukua kiti cha mbele. Na ushahidi unaendelea: hadi leo nyumba za kulea watu wenye ulemavu ni moja ya ajira kubwa za mkoa, vijiji vizima vinaishi kwa mishahara hiyo. Shule haifungwi kwa sababu mlezi ana watoto.

Lakini ngoja nikupe Naussac, karibu na Langogne. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kijiji hicho kilizamishwa kwa bwawa, mashamba mazuri ya bondeni yote ndani. Wenyeji waliandamana sana. Maji yale kazi yake ni kuongeza kina cha Allier na Loire kiangazi, kwa ajili ya mashamba na mitambo ya umeme ya nyuklia iliyoko mamia ya kilomita chini. Yaani hata maji yaliyobaki yanahifadhiwa kwa niaba ya wengine.

Na watu je? Wa Aubrac walikwenda Paris kubeba maji na kuuza makaa, wakafungua mikahawa. Mikahawa mingi ya Paris ilikuwa mikononi mwa watu wa milima hiyo. Wa Cévennes walikwenda migodi ya makaa ya Alès. Maziwa ya kondoo wa Causses yanavuka mpaka kwenda Aveyron kuwa jibini la Roquefort. Mbunge naye ameondoka: walikuwa na wawili, tangu uchaguzi wa 2012 wana mmoja. Prefeti, yule mkuu wa mkoa anayeteuliwa Paris tangu enzi za Napoleon, huyo yupo palepale.

Kasuku wa Gitega
Na waliorudi? Maana nasikia hesabu imepanda kidogo tangu 1990.

Mzee wa Ramani
Imepanda, kweli. Barabara kuu ya A75 imepita magharibi ya mkoa, Marvejols na Saint-Chély zimepumua; Saint-Chély kuna kiwanda cha chuma cha mota za umeme. Hifadhi ya Taifa ya Cévennes ilianzishwa 1970 na ni ya ajabu kidogo, maana watu wanaishi na kulima ndani ya kiini chake. Mwaka 2011 UNESCO ikaandika Causses na Cévennes kuwa urithi wa dunia, na wanachokilinda ni ufugaji wenyewe, siyo msitu. Kondoo wakiondoka, vichaka vinafunga kila kitu.

Tumbusi nao wamerudi. Walikuwa wamekwisha kabisa, wakaanza kuachiwa tena korongo la Jonte kuanzia 1981. Mfugaji mteja wangu wa Causse anaweka kondoo aliyekufa sehemu maalumu juu ya jiwe, na kabla hujamaliza kahawa mzoga umezungukwa. Anaokoa gharama za gari la kubeba mizoga. Kwenye uwanda huohuo tangu 1993 wanafugwa farasi mwitu wa Przewalski, na baadhi ya wazao wao wamesharudishwa Mongolia.

Fundi Saa
Theluji ikoje? Kuna mtu wangu anataka kwenda Desemba.

Mzee wa Ramani
Theluji yenyewe haina shida, shida ni upepo unaoibeba. Wanauita tourmente. Huoni mkono wako. Vitongoji vya mlima Lozère visivyo na kanisa vilijenga vijumba vya mawe vyenye kengele moja tu, na dhoruba ikianza watu walipokezana kuipiga usiku kucha ili aliyeko nje aifuate sauti. Ya Serviès bado ipo, ya Les Sagnes bado ipo. Ndipo hapohapo utaona mawe ya mpaka yenye msalaba wa Malta, kwa sababu malisho ya mlima yalikuwa mali ya mashujaa wa Mtakatifu Yohane, askari-watawa wa Kikatoliki.

Mla Ndizi
Chakula mkuu. Umetupitisha karne nzima bila sahani.

Mzee wa Ramani
Aligot. Viazi vilivyopondwa, siagi, krimu, kitunguu saumu, halafu jibini changa la Aubrac. Mpishi anasonga kwa mwiko mkubwa mpaka ukiuinua ule ujiuji unavutika hadi usawa wa kichwa bila kukatika. Wanakula na soseji. Ukimaliza hutafuti gari, unatafuta kitanda.

Fundi Saa
Sawa, na huyo wa Desemba apitie wapi?

Mzee wa Ramani
Akitokea Paris, treni hadi Clermont-Ferrand, kisha ile ya milimani inayoteremka kwenda Nîmes, ashuke Langogne au La Bastide. Reli imechongwa kwenye mwamba, mahandaki mengi, akae dirisha la upande wa Allier. Akija na gari la kukodi aulize matairi ya baridi au minyororo kabla ya kusaini, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi ni sheria. Na ajaze mafuta Mende, asisubiri Causse.